Ndege wa vuli Bagamoyo: asubuhi yako moja uipeleke chumvini au ufukweni?

Shemeji yangu wa Dar kanunua darubini. Sio ya kuangalia nyota, ile ya macho mawili ya kuning'iniza shingoni, nane kwa arobaini na mbili, yaani inakuza mara nane na kioo cha mbele ni milimita arobaini na mbili, na tangu ainunue kila wiki meseji, shem nina Jumamosi moja tu, nakuja Bagamoyo kuangalia ndege waliotoka Ulaya, unanipeleka wapi, chumvini au hapo ufukweni karibu na soko la samaki? Nimeshamjibu kwa sauti mara tatu na kila mara naongea dakika sita, afu na wenzake kazini wameanza kuniuliza hilo hilo kupitia yeye, nikaona bora niandike mara moja yaishe.

Kwanza tuelewane kuhusu msimu. Huko kaskazini wanaita majira ya kupukutika majani, Septemba mpaka Novemba. Kwetu hapa mti wa kupukutisha majani mekundu ni mkungu tu, na mkungu nao hauna ratiba ya mtu. Kwetu hii ni demani, kusi imechoka, kaskazi bado, bahari inatulia na vuli inanyemelea, ndo kipindi ndege wanashuka. Wakubwa wanaanza kuonekana tangu Agosti, wengine bado wana ule wekundu wa kifuani wa msimu wa kuzaa kama mtu aliyetoka harusini akasahau kubadili nguo, afu watoto waliozaliwa mwaka huo huo wanafuata nyuma, Septemba na Oktoba, peke yao, hamna baba wala mama wa kuwaonyesha njia. Kuna kitwitwi mmoja, vitwitwi ndo hawa ndege wadogo wa kuchokoa tope, mdomo wake umepinda kidogo kwa chini, kwenye programu za ndege utamkuta kwa jina la Calidris ferruginea, huyo anazaliwa Siberia juu kabisa, gramu zake hazifiki mia, na mpaka anatua Bagamoyo ameshapita zaidi ya kilomita 8,000. Ukimwona anachokoachokoa tope pembeni ya dau bovu huwezi kudhani.

Sasa chumvini, naanza na huku maana ndo kunadharauliwa. Ukisema mashamba ya chumvi mtu anapata picha ya tope na jua na harufu, na kusema kweli picha ni hiyo hiyo. Upande wa Nunge, kaskazini ya mji, ukishapita mikoko unakuta majaruba yamepangana na matuta katikati, kivuli hamna, choo hamna, muuza chai hamna. Lakini angalia yanavyofanya kazi. Maji ya bahari yanaingizwa wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, kwenye bwawa la kwanza, yanakaa, jua linayanywa, yanasogezwa la pili, la tatu, kila hatua chumvi inazidi kukolea mpaka yale ya mwisho ambako inaganda na watu wanaikwangua. Bwawa la kwanza chumvi yake ni kama ya baharini tu, lina visamaki na kamba, hapo utakuta yangeyange na kulastara wamesimama kimya kama wazee wa baraza. Ya katikati ndo utajiri wenyewe. Samaki wameshashindwa na ukali wa maji, wamebaki wadudu wadogo wanaoweza, vikamba vidogo kuliko ukucha na mabuu ya nzi wa maji chumvi, na kwa sababu hamna samaki wa kuwala wanajaa mpaka maji yanacheza, ndo maana vitwitwi hawatoki pale. Ya mwisho, yale ya kugandisha, usipoteze muda hata kama yanapendeza na rangi yake ya waridi, hamna chakula. Mi mara ya kwanza nilikaa karibu saa nzima kwenye bwawa la waridi nasubiri heroe, yaani flamingo, kwa sababu tu niliona rangi zinafanana, mzee mmoja wa chumvi akawa ananipita na toroli anatikisa kichwa.

Raha ya chumvini ni ukaribu na mwanga. Ndege wako mita ishirini, thelathini, hawana pa kukimbilia mbali, wanaruka tu bwawa la pili, na wewe unazunguka tuta mpaka jua linakuwa mgongoni kwako, rangi zote unaziona, mguu wa kijani, mguu wa njano, mguu mweusi. Na kwa hawa wadogo mguu ndo kitambulisho, usidanganyike na manyoya, wakati huu wote wamevaa kijivu kama sare ya shule. Yule mwenye miguu myekundu mirefu kama njiti za mishikaki hata mtoto anamtambua. Ukiwa mgeni wa mambo haya, yaani ndo unaanza, chumvini utajifunza asubuhi moja zaidi ya wiki nzima ufukweni.

Ubaya wake, mbali na jua, ni kwamba ni kazi ya mtu pale. Huingii tu. Unamtafuta msimamizi, unasalimia, unaeleza, mara nyingi anakubali na anakuonyesha na njia. Nilishawahi kufukuzwa shamba moja, silitaji, na nilistahili, nilikanyaga tuta bichi likabomoka maji ya bwawa moja yakaanza kuhamia jingine, yule bwana alichonitolea siwezi kukiandika hapa. Kanyaga matuta makavu, pita wanapopita wao.

Ufukweni ni habari nyingine kabisa. Hapo mbele ya mji mkongwe, kuanzia soko la samaki ukienda upande wowote, maji ya Bagamoyo sio yale ya kadi za posta, yana rangi ya chai ya maziwa, maana mto Ruvu unamwaga tope lake hapo juu kidogo na tope linatandaa ghuba yote. Watalii wanalalamika, ndege wanashukuru. Tope ndo nyumba ya minyoo na kaa na vikonokono, na maji yakipwa uwanja unafunguka mbali, madau yanabaki yamelala ubavu juu ya mchanga, vijana wanacheza mpira, kina mama wanachimba chambo, na katikati ya vurugu zote hizo sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda kama jambia anatembea taratibu anachomoa kaa kwenye mashimo. Hiyo picha chumvini hupati.

Ufukweni unapata na wale wanaopenda nafasi. Kuna kitwitwi mweupe mweupe anayekimbizana na wimbi, likirudi anashuka nalo likija anapanda, miguu haionekani, kama kachezea umeme, huyo ni Calidris alba na chumvini humkuti kirahisi, hana wimbi la kukimbiza. Kuna yule anayepindua kokoto na magugu ya bahari na maganda ya nazi kutafuta vilivyojificha chini yake, hana woga na watu, anaweza akaja karibu na miguu ya wapaa samaki. Kuna mmoja mdomo umepindia juu, miguu mifupi ya rangi ya chungwa, anakimbiza kaa akiwa ameinama kama mwizi, Xenus cinereus. Na ukibahatika, kundi la ndege wanaoitwa wala-kaa, weupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama kisu cha mchinjaji, hawa hawatoki Ulaya, wanatoka pwani za Arabuni huko wanakochimba mashimo mchangani na kutaga yai moja tu ndani ya giza. Mi hawa nikiwaona siku imekwisha, naweza nikarudi nyumbani nikalala.

Ila jua. Ufuko wetu unaangalia mashariki, sasa asubuhi ukisimama kwenye mchanga ukaelekeza darubini baharini jua liko usoni kwako, na ndege wote ni vivuli vyeusi. Sululu unamjua kwa mdomo hata akiwa kivuli, lakini hawa wadogo utabaki unakisia. Dawa yake ni kutembea sambamba na ufuko ukiangalia kaskazini au kusini, usiangalie mbele moja kwa moja, na subiri jua lipande kidogo. Kuna na kunguru, hawa weusi wa shingo ya kijivu, babu zao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wamejazana pwani nzima, wanafukuza kila kitu, unakuwa umelipata kundi zuri limetulia anakuja kunguru mmoja kwa ubishi tu wote wanaruka. Na usiende peke yako kamera iko shingoni, hasa ukishatoka mbali na sokoni. Nenda na mtu wa pale.

Sasa shemeji hapa ndo nilikuwa naongea dakika sita, kwa sababu swali la chumvini au ufukweni bila kuniambia tarehe mi siwezi kulijibu. Ndege hawa hawafuati saa ya ukutani, wanafuata maji. Tope likiwa wazi wanakula, hata usiku wanakula, maji yakijaa hawana pa kusimama wanakwenda kupumzika mahali pakavu, na chumvini ni mahali pakavu palipo karibu, mikokoni pia. Kwa hiyo maji yakijaa chumvini kunafurika, maji yakipwa ufukweni kunajaa. Rahisi. Ugumu ni kwamba asubuhi yako haichagui maji, maji yanachaguliwa na mwezi.

Pwani yetu hii siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, bamvua, maji yanajaa mida ya saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, na yanapwa kabisa mida ya saa nne, saa tano asubuhi. Siku ya nusu mwezi, maji mafu, inageuka, asubuhi saa nne ndo yanajaa, tena yanajaa kivivu. Kila siku yanachelewa, kwa wastani, karibu dakika hamsini. Tofauti ya kujaa na kupwa bamvua kubwa inafika mita tatu na zaidi, na bamvua za Septemba na Oktoba ni kubwa, maji mafu ni mita moja na kidogo tu. Wavuvi wote wanalijua hili bila karatasi, muulize yeyote pale sokoni atakwambia, na wanaofuata tarehe za mwezi wa Kiislamu wanajua tayari, mwezi pili mwezi tatu, na kumi na sita kumi na saba, maji ni makali.

Weka hayo pamoja. Ukija siku yenyewe ya mwezi mpevu, maji yamejaa saa kumi na nusu usiku bado giza, mpaka jua linatoka saa kumi na mbili na dakika kumi hivi ndege wameanza kuondoka chumvini, ukienda chumvini utapishana nao angani. Siku hiyo nenda ufukweni moja kwa moja, uwe pale saa kumi na mbili na nusu, maji ndo yanaachia tope la kwanza na tope la kwanza liko karibu na wewe. Hili watu wengi wanakosea, wanadhani maji yakipwa sana ndo ndege wengi. Ndege wanafuata ukingo wa maji, saa nne ukingo uko mbali huko hata watu wanaokwenda kutanda uduvi wanaonekana kama sisimizi, sasa kitwitwi wa gramu thelathini utamwona vipi? Ufukweni una masaa mawili ya kwanza tu baada ya maji kuachia mchanga, ukikosa hayo nenda kanywe supu ya pweza.

Ukija maji mafu, basi ufukweni usihangaike. Maji yanapanda polepole, tope halifunguki vizuri, ndege wametawanyika wawili wawili. Chumvini kwa upande wake hakusumbuliwi sana, wale wa mabwawa ya katikati chakula chao hakitegemei bahari, wako pale maji yajae yasijae. Hata wakiwa wachache watakuwepo na watakuwa karibu.

Na kuna siku moja au mbili, kila baada ya wiki mbili, ambazo huchagui. Siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, au baada ya mwezi kuandama, maji yanajaa mida ya saa kumi na moja na nusu mpaka saa kumi na mbili na robo, yaani jua linachomoza maji yako juu kabisa, na ndege wote waliokuwa ghuba nzima wamebanana kwenye matuta ya chumvi, wanalala mguu mmoja, mdomo mgongoni. Ukiingia polepole unakuta mamia. Mpaka kama saa moja na nusu, saa mbili kasorobo, wanaanza kuguna, kundi moja linaruka, linarudi, jingine linaruka halirudi, dakika ishirini hamna mtu. Hapo unapanda bodaboda unawafuata ufukweni, saa mbili na nusu tope la kwanza linafunguka na jua limeshapanda kidogo, halikuchomi macho kama alfajiri. Ila kwa hilo lazima ulale Bagamoyo. Kutoka Dar alfajiri ile na foleni ya kutokea mjini, ukifika wameshakula wameshiba.

Kama unakuja na watoto wadogo, yote hayo niliyosema yafute, nenda ufukweni tu. Mtoto wa miaka sita atakupa dakika kumi chumvini, afu ataanza kulia jua. Ufukweni ana kaa, ana mashua, ana vitumbua, na atamwona anayepindua kokoto kabla yako. Mama mkwe wangu naye miguu inamsumbua, tulimweka kwenye kiti cha plastiki pale karibu na madau na chai yake, akahesabu sululu kumi na moja bila darubini, akatuuliza kwani hawa wanaliwa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Kaole. Magofu na mikoko yake, kama kilomita tano kusini ya mji. Pazuri, na maji yakijaa sululu wanakwenda kukaa juu ya mikoko kabisa, kitu cha kushangaza kumwona ndege wa tope juu ya mti, na mdiria wa mikoko anaita humo ndani. Ila mikokoni unasikia zaidi ya unavyoona, na kama hujui sauti utatoka na mbu. Ningepaweka siku ya pili. Boti kwenda mlango wa Ruvu nayo nzuri, viboko wapo, furukombe wapo, ila injini inakimbiza hawa wadogo, na darubini kwenye boti inayotikisika inatia kichefuchefu, dada yangu ni shahidi.

Na watu wa Tanga najua mtasema mbona sisi. Sawa, mna mabwawa ya chumvi ya Kibo kaskazini ya mji ambayo yako kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege, na ghuba zenu zina maji masafi kuliko yetu, ukiwa unaishi Tanga au Muheza huna sababu ya kuja huku, kanuni ya maji ni ile ile na saa zinakaribiana. Kwa mtu wa Dar mwenye Jumamosi moja kilomita 350 ni nyingi.

Vitu vya kubeba sio vingi. Chumvini kofia na maji chupa mbili na miwani ya jua, maana ile chumvi inarudisha mwanga mpaka kichwa kinauma, na kuanzia saa tatu na nusu mvuke wa joto unapanda juu ya mabwawa, ukiangalia kwenye darubini ndege wanacheza kama wako ndani ya maji, hapo funga kazi. Ufukweni viatu vya zamani vya kufunga kamba. Kandambili tope linakula, nimeacha pea mbili ghuba ile na sitaziona tena, na pekupeku kuna maganda ya chaza. Simu unaweza kuibandika kwenye jicho la darubini ukapiga picha, sio ya mashindano lakini ya kuulizia jina inatosha. Programu ya Merlin, ile ya simu ya kutambua ndege, pakua orodha yake ya ndege ukiwa bado na mtandao, na ikikwambia jina la kitwitwi wa kijivu usiiamini haraka, angalia mguu.

Shemeji nimemhesabia tarehe, kachagua Jumamosi ambayo itakuwa siku ya tatu baada ya mwezi mpevu. Ijumaa wanalala kwetu, saa kumi na moja na nusu tunatoka, msimamizi wa chumvi nimeshaongea nae. Kilichobaki ni darubini ya pili, maana dada yangu kasema safari hii hakai kwenye boti wala hakai nyumbani, na shemeji kaanza kuuliza kama moja inaweza kugawanywa, yeye jicho hili na mkewe jicho lile.